Sakafu Moja, Watu Watatu: Sheria za Usalama Zinamjua Nani Wodini?

Saa tisa usiku, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya wilaya, binti wa miaka kama ishirini alikuwa akimgeuza baba yake kitandani. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja na ngozi ya mgongo ilishaanza kuchubuka, kwa hiyo ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili. Usiku jamaa hawaruhusiwi kubaki wodini isipokuwa kwa mgonjwa asiyejiweza, na siku hiyo wasiojiweza walikuwa wengi kuliko mikono ya muuguzi mmoja wa zamu. Binti akampitishia mzee mikono kwapani, akavuta. Kandambili yake ikakanyaga maji yaliyomwagika kutoka ndoo ya kudekia, mguu ukateleza, akaangukia ukingo wa kitanda cha chuma huku baba yake akibaki nusu juu, nusu chini.

"Ungeniita, mdogo wangu," muuguzi alisema alipofika mbio.

"Nilikuona uko na yule wa oksijeni, dada. Samahani, nimekuongezea kazi."

Hakuna aliyevunjika. Maji yalipanguswa kwa shuka kuukuu, mzee akalazwa vizuri, usiku ukaendelea. Tukio lile halikuandikwa popote. Mimi niliyekuwa kitanda cha pili nikimuuguza mjomba sikuona ajabu yoyote. Nani huandika kwamba mtu ameteleza?

Swali lilinijia baadaye. Tuseme aliyeteleza ni muuguzi mwenyewe. Au tuseme ni mgonjwa aliyekuwa akijikongoja kwenda msalani. Au ni binti, kama ilivyotokea. Maji ni yale yale na mfupa ni mfupa, ila mbele ya sheria hao ni watu watatu mbalimbali, na kila mmoja ana mlango wake. Mlango mmoja uko wazi, wa pili umerudishwa, na wa tatu wengi hawajui hata kama upo. Tukiipita milango hiyo mmoja mmoja tutaona sheria za usalama na afya zinawakinga vipi watu mahali wanapohudumiwa, na ni wapi zinawaacha.

Kutoka kiwandani hadi wodini

Kwa miaka mingi sheria iliamini kwamba hatari inaishi kiwandani. Tanganyika ilitawaliwa katika jambo hili na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyojali mashine, mikanda na mitungi ya mvuke. Hospitali haikuwamo kwenye picha hiyo, maana ilionekana kuwa mahali anapopelekwa aliyeumia, wala si mahali pa kuumilia. Kenya nayo ilianza na sheria ya viwanda ya aina hiyo, ikaipanua mwaka 1990 ili iguse sehemu nyingine za kazi, kisha ikaiweka kando mwaka 2007.

Mageuzi yalitoka Uingereza, na yana historia chungu. Tarehe 21 Oktoba 1966, rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan huko Wales na kufunika shule. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Hakuna kati yao aliyekuwa chini ya ardhi akichimba, na wale watoto hawakuwa wafanyakazi wa mtu yeyote. Mwenyekiti wa bodi ya taifa ya makaa ya mawe wakati huo alikuwa Bwana Robens. Miaka minne baadaye, serikali ilimpa mtu huyo huyo kazi ya kuongoza kamati ya kupitia upya sheria zote za usalama kazini. Ripoti yake ya mwaka 1972 ilisema sheria zimekuwa nyingi mno, zimegawanywa kwa aina ya kazi, na zimemfanya kila mtu aamini kwamba usalama ni shughuli ya mkaguzi. Robens alitaka mzigo umwangukie kwanza yule anayeizalisha hatari.

Sheria iliyotokana na ripoti hiyo, ya mwaka 1974, iliingiza hospitali, shule na nyumba za wazee chini ya mwavuli mmoja na viwanda. Kifungu cha 2 kinamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Kifungu cha 3 kinamtaka ahakikishe shughuli zake haziwadhuru watu wasio wafanyakazi wake. Kifungu cha 7 kinamgeukia mfanyakazi mwenyewe: naye ajitunze, na awatunze wale wanaoweza kuguswa na anachofanya au anachoacha kufanya.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, Zanzibar ikafuata na yake Na. 8 ya mwaka 2005, na Kenya mwaka 2007. Jina refu la sheria ya Bara lina maneno ambayo wasomaji wengi huyaruka. Baada ya kutaja usalama wa walio kazini, linataja pia kuwalinda watu wasio kazini dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za walio kazini. Sheria ya Kenya inasema hivyo hivyo katika madhumuni yake. Kwa hiyo mgonjwa na binti yule wamo kwenye sheria tangu ukurasa wa kwanza. Kinachobaki kuulizwa ni kama wamo pia kwenye utekelezaji.

Mlango ulio wazi: muuguzi

Muuguzi ndiye sheria inamjua vizuri zaidi. Mwajiri wake anatakiwa kusajili mahali pa kazi, kutathmini vihatarishi, kutoa vifaa vya kujikinga na mafunzo, kumpima afya anapoanza kazi na baada ya hapo kila kipindi, na kuwa na wawakilishi wa usalama na afya miongoni mwa wafanyakazi. Nchini Kenya, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Akiumia, Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, WCF, unaochangiwa na waajiri wa umma na wa binafsi. Muuguzi aliyeteleza hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Matibabu, malipo ya ulemavu na hata pensheni ya wategemezi vinafuata hapo. Kenya ina sheria yake ya mafao ya majeraha ya kazini, nayo ya mwaka 2007.

Kwa karibu, ulinzi huu una sura ya boksi la karatasi ngumu la njano. Wodini huitwa sefti boksi. Sindano ikishatumika haivalishwi kifuniko wala haipindwi kwa mkono, inadumbukizwa humo moja kwa moja, na boksi likifika robo tatu linafungwa na kupelekwa kwenye kichomea taka. Robo tatu ina sababu yake. Boksi lililojaa pomoni humlazimisha mtu ashindilie, na anayeshindilia ndiye anayechomwa. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kupata homa ya ini aina ya B unaweza kufika asilimia 30, aina ya C ni karibu asilimia 3 au pungufu, na VVU ni karibu asilimia 0.3. VVU ndiyo tunayoiogopa zaidi, kumbe homa ya ini ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono. Dawa kinga ya VVU inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, na mwajiri anayesubiri mtu achomwe ndipo aitafute ameshachelewa.

Anayechomwa si daktari au muuguzi peke yake. Yumo pia mfagizi anayebeba mfuko mweusi wa taka za kawaida ambao mtu mwingine ametupa ndani yake kitu cha kwenye ndoo nyekundu, ya taka zenye maambukizi. Siku hizi mfagizi huyo huwa wa kampuni ya usafi iliyoshinda zabuni, hospitali ikimwambia kwamba yeye ni wa kampuni na kampuni ikimwambia kwamba aliumia hospitalini. Sheria ya Kenya imejaribu kuuziba mwanya huu: kifungu cha 6 kinamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo. Hakiulizi mshahara wao unatoka wapi.

Ulinzi wa muuguzi haukomei kwa muuguzi. Mwezi Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha Desemba mwaka huo, watu 66 walikuwa wamethibitika kuugua na 15 kufariki. Wengi mno kati ya walioambukizwa, takriban wanane katika kila kumi, walikuwa watumishi wa afya, hasa wa hospitali mbili za Kigali. Mgonjwa wa mwanzo alikuwa na malaria kali, na malaria hiyo ikaificha Marburg. Mwaka mmoja kabla yake, Marburg ilipoingia Kagera, wagonjwa walikuwa tisa na waliofariki sita, akiwemo mtumishi wa afya. Mtumishi anayeugua wodini ni wodi nzima imeugua: anapoteza maisha yake, anawapelekea wengine ugonjwa bila kujua, na kitanda alichokihudumia kinabaki bila mtu. Kwa sababu hiyo, ukinyima wodi glovu kwa kisingizio cha bajeti, umemnyima mgonjwa pia.

Mlango uliorudishwa: mgonjwa

Kalenda ya dunia imewatenga hawa wawili. Tarehe 28 Aprili ni siku ya usalama na afya kazini. Tarehe 17 Septemba, tangu mwaka 2019, ni siku ya usalama wa mgonjwa. Waandaaji wake ni mashirika mawili, na hapa kwetu kila siku ina wizara yake na mgeni rasmi wake. Mwaka 2020, janga la Korona lilipowaua wahudumu kwa maelfu, Shirika la Afya Duniani liliifanya siku ya mgonjwa iwe na kaulimbiu ya usalama wa mtumishi wa afya. Mwaka uliofuata kaulimbiu ilibadilika.

Utengano huo umeingia pia kwenye sheria. Muuguzi akiteleza, faili linakwenda OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na WCF. Mgonjwa akiteleza, faili likipatikana linakwenda kwa mganga mfawidhi, labda kwa baraza la taaluma, na mwishowe mahakamani, ambako mgonjwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha uzembe. Yeye hana mfuko wa fidia. Ana haki ya kudai, lakini kwa mtu aliyevunjika nyonga haki ya kudai ni kama tiketi ya basi lililoko mji mwingine.

Wala si kwamba mgonjwa haumii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za matibabu ya muda mfupi, 15 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni saba. Mtu anaingia na mguu uliovunjika, anatoka na kidonda kilichooza. Hakuna aliyemdhuru kwa makusudi. Koki ilikuwa kavu, na mikono iliyomfunga bandeji ilitoka moja kwa moja kwenye bandeji nyingine.

Je, sheria ya mahali pa kazi inaweza kutumika kwa ajili ya mgonjwa? Uingereza imejibu kwamba inaweza. Katika hospitali ya Stafford, mwaka 2007, mgonjwa wa kisukari alifariki baada ya kukosa insulini. Kasoro ilikuwa kwenye kukabidhiana zamu na kwenye kumbukumbu, maana aliyeingia hakujua alichokijua aliyetoka. Mwaka 2014 taasisi iliyoiendesha hospitali hiyo ilitozwa faini ya pauni 200,000 chini ya sheria ile ile ya mwaka 1974, kifungu cha 3. Mwaka 2018 taasisi nyingine ya afya, Southern Health, ilitozwa pauni milioni 2 kwa vifo vya wagonjwa wawili. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye kifafa aliyezama bafuni, katika kituo cha Oxford, mwaka 2013. Sheria za usalama zilianza kwa kufikiria mikanda ya mashine, na sasa zinauliza nani alikuwa mlangoni kijana wa kifafa alipokuwa akioga.

Lakini hata kule mlango ulikuwa umerudishwa. Uchunguzi wa Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha mwanya kati ya wakaguzi. Wakaguzi wa usalama kazini waliona kwamba mambo ya tiba si yao, na wakaguzi wa huduma za afya hawakuwa na meno ya kushitaki. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kumwachia mwenzake, na wagonjwa wakafa katikati. Tangu Aprili 2015, tume inayokagua huduma za afya na za malezi nchini England ndiyo iliyokabidhiwa mashitaka ya aina hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 tangu mwaka 1974 kukubaliana nani abebe faili la mgonjwa.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2015 vituo vya afya vya ngazi ya msingi vilipimwa na kupewa nyota, na takriban theluthi moja ya vituo vilivyopimwa vilipata sifuri. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa imeanza utaratibu wa Kijapani wa kupanga, kusafisha na kusanifisha mahali pa kazi, ambao baadaye ulisambaa hospitali nyingi. Ukiingia stoo na kukuta kila kasha lina lebo na kila kifaa kina kivuli chake kilichochorwa ukutani, huo ni mkono wake. Utaratibu huo ulianza viwandani, na anayefaidika wodini ni mgonjwa, kwa sababu dawa ya dharura inapatikana bila kutafutwa.

Mlango wa tatu: anayeuguza

Turudi kwa binti. Hospitali zetu zinaendeshwa kwa mikono ya jamaa kuliko takwimu yoyote inavyokiri. Wao ndio wanaogeuza, wanaoogesha, wanaolisha, wanaobadilisha shuka, wanaomwaga mkojo wa kwenye mfuko, wanaokimbia duka la dawa na wanaosukuma machela. Wanalala chini ya kitanda, juu ya khanga. Hawana glovu, hawajafunzwa, hawajachanjwa, na kwenye orodha yoyote ya watu waliomo ndani ya jengo usiku ule, jina lao halipo.

Kisheria wao ni "watu wasio kazini", ingawa wanafanya kazi usiku kucha. Wakiumia, njia yao ni ya mgeni aliyeumia ndani ya jengo la mtu. Kenya ina sheria inayomtaka mwenye jengo awe mwangalifu kwa wanaoingia kwake kihalali. Tanzania Bara mtu angelazimika kufungua kesi ya madai ya uzembe. Binti wa miaka ishirini, aliyeuza kuku watatu kupata nauli ya kumleta baba yake, afungue kesi dhidi ya hospitali ambayo baba yake bado amelazwa humo?

Kisichofanyika ni kitu chepesi zaidi ya kesi. Tathmini ya vihatarishi ya hospitali yoyote inayotegemea jamaa haiwezi kuwa ya kweli ikiwa jamaa hawamo. Sheria imeshatoa ruhusa ya kuwaingiza, imetaja watu wasio kazini kwa maneno mengi. Tazama kazi ya kumnyanyua mgonjwa. Uingereza ina kanuni za mwaka 1992 kuhusu kunyanyua na kubeba kwa mikono. Hazitaji kilo ambazo mtu asizidishe. Zinamtaka mwajiri kwanza aepushe kunyanyua, kikishindikana atathmini, kisha apunguze hatari. Waswahili waliokwenda kufanya kazi za kulea wazee huko hukuta kwamba mtu mzima asiyejiweza hanyanyuliwi na mtu mmoja kwa nguvu za mgongo. Ipo mashine ya kumnyanyulia, na kwa kanuni za mwaka 1998 mashine hiyo inakaguliwa kikamilifu kila baada ya miezi sita. Wodi yetu ya wilaya haina mashine hiyo na haitakuwa nayo kesho. Lakini shuka moja gumu lililokunjwa mara mbili chini ya kiuno cha mgonjwa, watu wawili, mmoja kila upande, na hesabu ya moja, mbili, tatu, vinamgeuza mzee bila kuvunja mgongo wa mtu. Kumfundisha binti hilo ni kazi ya dakika tano. Hakuna anayelazimika kumfundisha, kwa hiyo hafundishwi.

Nje ya geti la hospitali

Huduma haziishii wodini. Kituo cha kulelea watoto mchana, makao ya watoto, makazi ya wazee na bweni la shule ni sehemu ambazo mtu amemkabidhi mwingine mwili wake au wa mtoto wake. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya makao ya watoto ya mwaka 1968 na ile ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981. Usajili na usimamizi wa vituo hivyo uko kwa maofisa ustawi wa jamii. Kwa wazee, Bara iliandika sera mwaka 2003 na Zanzibar ikatunga sheria mwaka 2020. Wapo wazee wanaotunzwa na serikali Nunge huko Kigamboni, na Sebleni na Welezo huko Unguja. Lakini wazee wengi wako nyumbani, mikononi mwa mke wa mtoto au dada wa kazi, na hodi ya mkaguzi haijawahi kusikika mlangoni hapo.

Katika sehemu hizi zote, mtihani mkuu wa sheria ni moto, kwa sababu moto haungoji mtu atafute mwenye jukumu. Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004, nyaya zilileta moto kwenye kabati la nyumba ya wazee ya Rosepark, karibu na Glasgow huko Scotland. Wazee 14 walikufa. Kengele ililia, lakini wahudumu wa usiku hawakuwa wamefunzwa vya kutosha kusoma ubao wake, wakaanza kutafuta moto uko wapi, na zimamoto wakaitwa baada ya takriban dakika tisa. Milango ya vyumba vingi ilikuwa wazi, moshi ukaingia bila kizuizi. Mashitaka dhidi ya wamiliki yaligonga mwamba mara tatu, kwa kuwa ubia wao wa kibiashara ulikuwa umeshavunjwa, na ubia uliovunjwa haushitakiki. Bunge la Uingereza lililazimika kutunga sheria mwaka 2013 kuuziba mwanya huo. Ripoti ya jaji, ya mwaka 2011, ilionyesha kwamba tathmini makini ya hatari ya moto ingeyaona haya yote kabla: kabati, milango, ubao, na zamu isiyojua la kufanya.

Kwetu kisa hiki kina ndugu zake. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya mabweni ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi tano, madirisha yasiwe na nondo, na uwepo mlango wa dharura. Tarehe 5 Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, moto wa bweni uliua wavulana 21. Kwa hiyo kanuni haikukosekana. Ilikuwa kabatini kwa miaka 16.

Kwa nini sheria husinzia

Sababu ya kwanza ni kwamba mkaguzi wa serikali anapokwenda hospitali ya serikali anamkagua mwajiri wake. Akitoza faini, fedha zinatoka mfuko mmoja wa umma kwenda mwingine, na aliyezembea anabaki kitini. Kiwanda cha mtu binafsi kinaweza kusimamishwa kazi hadi kirekebishwe, lakini nani atafunga wodi ya wazazi ya wilaya nzima? Mkaguzi hulijua hilo, na mganga mfawidhi pia.

Sababu ya pili ni woga wa daftari. Muuguzi aliyechomwa sindano huulizwa kwanza kwa nini hakuwa makini, wakati swali la kwanza lingekuwa kwa nini boksi lilikuwa limejaa. Anayeulizwa hivyo mara moja hatatoa taarifa mara ya pili. Saa 72 zinapita kimyakimya. Tukio lisiloandikwa halihesabiwi, lisilohesabiwa haliombewi bajeti, na mwisho wa mwaka ripoti inasema hospitali haikuwa na tukio lolote.

Sababu ya tatu ndiyo iliyobeba makala haya: tumemgawanya mtu aliye wodini kwa mujibu wa ofisi zetu. OSHA wanamtazama mfanyakazi, wizara ya afya inamtazama mgonjwa, ustawi wa jamii wanamtazama mtoto na mzee, zimamoto wanatazama mtungi mwekundu ukutani. Kila ukaguzi una fomu yake na siku yake. Hakuna hata mmoja unaouliza kuhusu maji ya sakafuni, kwa sababu maji hayo ni ya wote.

Robens alilisema hilo kwa namna yake zaidi ya nusu karne iliyopita, akiwa mtu ambaye alikuwa na sababu ya kulijua. Hatari haitazami nani yuko kwenye orodha ya mishahara. Rundo la taka la Aberfan halikuuliza. Marburg ya Kigali haikuuliza. Sheria tulizozitunga mwaka 2003, 2005 na 2007 zimeshakubali hoja hiyo kwenye madhumuni yake, na hazihitaji kuandikwa upya ili kuanza kuitekeleza. Zinahitaji ukaguzi mmoja unaokitazama kitanda kutoka pande zote, na mwongozo unaoitaka kila hospitali ijumuishe jamaa wanaouguza ndani ya tathmini yake ya vihatarishi. Zinahitaji pia daftari la matukio lenye safu tatu: mtumishi, mgonjwa, na anayeuguza.

Safu hiyo ya tatu inaweza kupigwa kesho asubuhi kwa rula na kalamu, bila waraka kutoka Dodoma. Ingekuwapo usiku ule, muuguzi angeandika: saa tisa, kitanda cha kumi na nne, maji ya kudekia, binti wa mgonjwa, hakuumia. Mganga mfawidhi asubuhi angeuliza ndoo ilikuwa inafanya nini katikati ya wodi usiku wa manane. Na jioni yake, mtu angempa yule binti shuka la kugeuzia, akamwonyesha pa kushika.